Asilimia Nne Juu ya Sahani: Tathmini ya Kodi Mpya ya Chakula ya Kaunti ya Fairfax

Tangu tarehe 1 Januari 2026, kila anayekula mkahawani katika Kaunti ya Fairfax, jimboni Virginia, hulipa asilimia 4 ya ziada juu ya bei ya chakula na kinywaji chake. Hii ni kodi ya kaunti, nayo inapandishwa juu ya kodi ya mauzo ya asilimia 6 ambayo tulikuwa tukiilipa tayari, kwa hiyo jumla inafika asilimia 10, sawa kabisa na wanayolipa walaji wa Washington, ng'ambo ya mto Potomac. Kwa kuwa kodi ni huduma ambayo mtu huinunua apende asipende, nimeona ni haki kuipima kama tunavyoupima mkahawa au duka lolote: bei yake, urahisi wa kuilipa, ukweli wa maneno yaliyotumika kuiuza, na hali ya mshindani wake. Mshindani huyo ni mmoja tu, nao ni mpango wa kupandisha kodi ya majengo.

Nianze na inavyoonekana mezani. Katika mkahawa mmoja wa Kikorea huko Annandale, ambao sitautaja jina kwa sababu ya jambo nitakalolieleza, chakula cha watu wawili, yaani mbavu za kuchoma, supu ya tofu na vibakuli vya kachumbari ya kabichi vinavyoletwa bila kuagizwa, kiligharimu dola 60. Risiti ilikuja na mistari miwili ya kodi: dola 3.60 za kodi ya mauzo na dola 2.40 za kodi ya chakula, jumla dola 66. Kufikia hapo sina lawama. Mistari imetenganishwa, mlaji anaona kipi kinaenda wapi, na hakuna aliyejaribu kuichanganya na «ada» zisizo na maelezo ambazo baadhi ya mikahawa ya eneo hili imezizoea. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri. Nyama ilikuwa laini, na supu ilifika ikiwa bado inachemka kwenye chungu chake.

Tatizo lilikuja na mashine ya kulipia. Mhudumu aliigeuza kunielekea nichague bakshishi, na asilimia 20 iliyoandikwa pale ilikuwa dola 13.20. Maana yake mashine ilikuwa imepiga hesabu juu ya dola 66, kodi zote mbili zikiwemo, badala ya dola 60 za chakula. Bakshishi ya chakula peke yake ingekuwa dola 12. Sheria ya Virginia inasema bakshishi ya hiari haitozwi kodi hii, na hata ile ya lazima haitozwi mradi isizidi asilimia 20 ya bei, lakini hakuna kinachomzuia mwenye mashine kutoza bakshishi juu ya kodi. Kwa hesabu hiyo, kodi ambayo kaunti inaiita asilimia 4 ilinigharimu dola 2.40 pamoja na senti 48 za bakshishi iliyoizalia (asilimia 20 ya hizo dola 2.40), ambayo ni karibu asilimia 5. Wala haukuwa mkahawa huo peke yake. Mashine nyingi zimepangwa hivyo. Mhudumu hana kosa, tena hela hiyo ni halali yake, ila mlaji anayetaka kujua kodi hii inamgharimu kiasi gani hana budi kuitazama mashine kabla ya kubonyeza.

Tukitoka mezani tuingie kwenye ukumbi wa baraza, mambo yanakuwa mazito zaidi. Kodi hii si wazo jipya. Wapiga kura wa Fairfax waliulizwa mwaka 1992 kama wanaitaka, wakakataa. Wakaulizwa tena Novemba 2016, kiwango kikiwa kilekile cha asilimia 4, na safari hiyo wakaahidiwa kwamba asilimia 70 ya mapato itakwenda shuleni na asilimia 30 katika huduma nyingine za kaunti, ujenzi na nafuu ya kodi ya majengo. Wakakataa tena. Kisha mwaka 2020 Bunge la Virginia likabadilisha sheria: kaunti zikaruhusiwa kutoza kodi ya chakula hadi asilimia 6 bila kupiga kura ya maoni, uwezo ambao majiji na miji ya jimbo hilo ilikuwa nao kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2025 Baraza la Wasimamizi la Fairfax, likiongozwa na Jeff McKay, likapitisha asilimia 4 kwa kura za wajumbe wake. Pat Herrity, Mrepublican pekee katika baraza hilo, alipinga, na hoja yake kwamba wananchi walikwisha sema hapana mara mbili haikupata jibu la kuridhisha, angalau si kwa masikio yangu. Jibu lililotolewa lilikuwa la kisheria, wakati swali lilikuwa la heshima.

Kwa nini baraza lilikubali kuibeba lawama hiyo? Hapa ndipo inapobidi kumtazama mshindani. Katika Virginia, kaunti haina uwezo wa kutoza chochote ambacho jimbo halikuruhusu, na kwa miongo mingi jimbo liliiachia Fairfax chanzo kimoja kikubwa: kodi ya majengo, ambayo huleta karibu theluthi mbili ya fedha za mfuko mkuu, huku zaidi ya nusu ya mfuko huo ikienda shuleni. Baada ya janga la Uviko-19 ofisi nyingi zilibaki tupu, thamani ya majengo ya biashara ikalegea, na mwaka 2025 serikali kuu ya Marekani ikaanza kupunguza wafanyakazi, ambao maelfu yao wanaishi hapahapa. Mzigo ukazidi kuegemea nyumba za kuishi. Kila mwaka kaunti huipa kila nyumba thamani kwa asilimia 100 ya bei ya soko, na kwa kuwa bei za nyumba zimekuwa zikipanda, bili hupanda hata pale baraza linaposema limepunguza kiwango.

Na ndivyo lilivyosema. Kiwango cha mwaka wa fedha wa 2025 kilikuwa dola 1.125 kwa kila dola 100 za thamani. Kwa mwaka wa fedha wa 2026, ulioanza Julai 2025 na ambao kodi ya chakula ilianza katikati yake, kilishuka hadi dola 1.1225, yaani robo ya senti moja. Tangazo lililoiuza kodi ya chakula lilikuwa kwamba inawapunguzia mzigo wenye nyumba, kwa hiyo naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwa sababu ubora wa bidhaa hii wote umelala humo.

Chukua nyumba yenye thamani ya dola 700,000, ambayo kwa Fairfax si kasri. Ni nyumba ya kawaida yenye ua mdogo. Robo ya senti kwa kila dola 100 ni dola 17.50 kwa mwaka. Familia inayoishi humo ikila mkahawani chakula cha dola 437.50 kwa mwaka mzima, asilimia 4 imekwisha kula nafuu yote hiyo. Dola 437.50 kwa mwaka ni chini ya dola 37 kwa mwezi. Familia ya watu wanne ikienda mara moja kwa mwezi kununua pizza na soda, imelipa zaidi ya ilichookoa. Kwa kipimo hiki tangazo ni la kuchekesha.

Lakini kipimo hiki si cha haki peke yake, na wapinzani wa kodi walifanya vibaya kukishikilia. Mkuu wa utendaji wa kaunti, Bryan Hill, alikuwa amependekeza bajeti yenye kiwango cha dola 1.14. Tukilinganisha kilichopitishwa na kile kilichokuwa mezani, tofauti ni senti 1.75, na kwa nyumba ileile ni dola 122.50 kwa mwaka. Sasa familia inaweza kula mkahawani hadi dola 3,062.50 kwa mwaka kabla ya kodi ya chakula kuizidi nafuu hiyo, yaani karibu dola 255 kwa mwezi. Familia nyingi ninazozifahamu hazifiki hapo, na zile zinazofika hazilii kwa ajili ya asilimia 4. Kwa hiyo anayesema kodi ya chakula imetunyang'anya na anayesema imetuokoa wote wanasema kweli. Mmoja anailinganisha na jana na mwingine anailinganisha na ambacho kingetokea. Mimi naona kipimo cha pili ndicho sahihi kwa mnunuzi, kwa sababu fedha za shule zingetafutwa tu, na mfuko ambao kaunti ingeuendea kwanza tunaujua. Ningeongeza tahadhari moja: bajeti ni ya mwaka mmoja, kodi ya chakula ni ya kudumu. Hakuna kinachozuia kiwango cha majengo kufika dola 1.14 mwaka mwingine huku asilimia 4 ikiendelea kukatwa.

Nani analipa? Hapa maoni yangu yamegawanyika. Kodi ya majengo inaiona nyumba lakini haimwoni mtu aliyemo. Mama mzee aliyenunua nyumba Springfield miaka arobaini iliyopita kwa bei ya wakati ule, akabaki na pensheni yake, leo hutozwa kwa thamani ambayo hana namna ya kuila. Kaunti ina mpango wa nafuu kwa waliofikisha miaka 65 na kwa wenye ulemavu, lakini una vikomo vya kipato na mali, na anayevuka kikomo kwa kidogo hubaki nje. Wasomaji wa Tanzania wataona kinyume chake: nyumbani kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa mwaka 2023 kuwa 1,500, bila kujali kama nyumba hiyo ina thamani ya milioni kumi au milioni mia mbili. Ni rahisi kulipa kama kununua umeme, lakini haitofautishi kibanda na jumba. Ya Fairfax inatofautisha mno. Kodi ya chakula yenyewe haioni nyumba wala kipato. Inaona sahani tu.

Sahani ya nani, basi? Watetezi walisema kodi hii inachangiwa pia na wageni, na hilo halina ubishi. Simama jioni ya Jumamosi katika maduka ya Tysons utazame magari yenye namba za Maryland na za Washington, na wengine wanaoshuka kutoka treni ya Silver Line iliyofika pale mwaka 2014. Watu hao hutumia barabara zetu na zimamoto zetu bila kuchangia kodi ya majengo hata senti moja, wakati sisi tukila Washington tunawachangia asilimia 10 yao. Kwa upande huo kodi ya chakula imenyoosha mizani iliyokuwa imepinda.

Lakini sahani nyingine ni ya dereva wa teksi anayetoka kazini usiku wa manane, na ya dada anayehudumia wazee zamu mbili mfululizo na hana jiko anakolala, kwa sababu amepanga chumba kimoja katika nyumba ya watu. Wapo Waswahili wengi katika kundi hilo. Wao hawanunui chakula cha nje kwa anasa. Wananunua kwa kukosa saa moja ya kupika. Kwa kuwa ni wapangaji, nafuu ya kodi ya majengo inamfikia mwenye nyumba wao, na sijawahi kusikia mwenye nyumba aliyepunguza pango kwa robo ya senti. Ni kweli pia kwamba kodi ya majengo ikipanda, pango hupanda, kwa hiyo mpangaji hana pa kukimbilia upande wowote. Bado, ukiniuliza nani ananyonywa zaidi na asilimia 4, sitamtaja mla nyama wa Tysons.

Kaunti imejitahidi kupunguza makali kwa kufuata misamaha ya sheria ya jimbo. Vyakula vya kawaida vya dukani, yaani mchele, unga, nyama mbichi na mboga, havimo, na hubaki kwenye asilimia 1 ya kodi ya mauzo ya mtaa baada ya jimbo kuondoa sehemu yake mwaka 2023. Chakula cha mikahawa ya shule za umma na kile cha wagonjwa hospitalini hakitozwi. Kinachotozwa ni kile kilichotayarishwa kuliwa, iwe mezani, dirishani, kwenye gari la chakula au kwenye kaunta ya vyakula vilivyopikwa ndani ya supamaketi. Hiyo ya supamaketi huwashangaza watu: unanunua vitu vya dola 80, na kibakuli kimoja cha saladi iliyopimwa kwa mizani kinakuletea mstari wa pekee wa kodi chini ya risiti.

Wenye mikahawa walilalamika sana, na sehemu ya malalamiko yao ina uzito kuliko nyingine. Waliosema wateja watakimbia wana ushahidi dhaifu. Arlington, jirani yetu, imetoza asilimia 4 kwa miaka mingi, na mitaa yake ya mikahawa imejaa. Jiji jirani la Alexandria lilipandisha yake kutoka asilimia 4 hadi 5 mwaka 2018, asilimia hiyo ya ziada ikitengewa nyumba za gharama nafuu, na watu hawakuacha kula kando ya mto. Mfano ninaoupenda zaidi uko Seven Corners: kituo cha maduka cha Eden Center, moyo wa jamii ya Wavietinamu wa eneo hili, kiko ndani ya Jiji la Falls Church, ambalo lina kodi yake ya asilimia 4, wakati ng'ambo ya barabara ni Kaunti ya Fairfax, ambako kodi hiyo haikuwepo. Kwa miaka yote hiyo bakuli la pho, supu ya tambi ya Kivietinamu, lilikuwa na kodi zaidi upande mmoja wa barabara, na foleni ilikuwa upande huohuo. Watu hufuata mchuzi.

Malalamiko yenye uzito ni ya gharama zisizoonekana. Mteja akilipa kwa kadi, benki humkata mwenye mkahawa ada juu ya kiasi chote, ikiwemo ile sehemu ambayo si mali yake bali ni ya kaunti. Anatozwa kwa kubeba fedha ya mwingine. Anapaswa pia kurekebisha mashine, kuitenga fedha hiyo na kuiwasilisha kila mwezi, na katika biashara ambayo faida yake ni nyembamba, fedha ya kodi iliyokaa kwenye akaunti wiki chache ni kishawishi ambacho si kila mfanyabiashara mdogo hukishinda wakati mishahara imechelewa. Mkahawa mkubwa una mhasibu. Mama anayeuza sambusa na chai kwenye gari la chakula hana.

Kuhusu urahisi wa kulipa, kodi ya chakula inashinda kwa mbali, na huo ndio ushindi unaonitia wasiwasi. Kodi ya majengo ya Fairfax hulipwa kwa awamu mbili, tarehe 28 Julai na 5 Desemba, na mwenye nyumba anayeilipa mwenyewe huiona ikiwa na uchungu wake wote, hukasirika, na hukasirika hadi kwenye sanduku la kura. Hata yule ambaye benki inamkata kila mwezi pamoja na mkopo wa nyumba hupata barua ya mwaka inayomwambia malipo yake yamepanda. Kodi ya chakula hailetewi barua. Inalipwa kwa dola mbili hapa na senti sabini pale, na mwisho wa mwaka hakuna anayejua amelipa ngapi. Kodi isiyoumiza ni rahisi kuiongeza, na sheria tayari imeruhusu asilimia 6.

Linganisha na Loudoun, jirani wa magharibi, ambako wakati Fairfax inapitisha yake kaunti haikuwa na kodi ya chakula. Loudoun haikujinyima kwa wema. Ina vituo vya data vya Ashburn, majengo makubwa yasiyo na madirisha ambayo mitambo yake huingiza kodi nyingi kiasi kwamba wenye nyumba na walaji wamepata kupumua. Fairfax haina utajiri wa namna hiyo kwa wingi, na wakazi wake wengi hawautaki karibu na nyumba zao. Kwa hiyo anayesema «tusitoze sahani wala nyumba» anapaswa kutuambia pia kama yuko tayari kusikiliza mtambo wa kupoza kompyuta ukinguruma nyuma ya uzio wake.

Alama zangu basi ni nyota tatu kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa namna ilivyoingia, baada ya wananchi kukataa mara mbili, na nyingine kwa kumwangukia mlaji wa lazima sawasawa na mlaji wa starehe. Mpango wa kupandisha kodi ya majengo peke yake, katika kaunti ambayo tayari inaitegemea kwa theluthi mbili, ningeupa nyota mbili. Ningeiongezea kodi ya chakula nyota ya nne siku ambayo barua ya kila mwaka ya thamani ya nyumba itaonyesha, kwa tarakimu, kiasi kilichokusanywa mikahawani na kiasi ambacho kiwango cha majengo kimeshushwa kwa sababu yake, na kama kuna mgawanyo wa shule kama ule wa asilimia 70 ulioahidiwa mwaka 2016, uandikwe hapohapo. Kwa sasa, anayekwenda kula Annandale aagize mbavu, na bakshishi aipigie hesabu mwenyewe juu ya mstari wa chakula, ule ulio juu ya mistari miwili ya kodi.